Cucu, Mbegu Yako Tuliikula Sisi

Basi nikalamba kidole, Cucu, nikasugua hilo hindi, na masizi ikatoka yote. Ilitoka mara moja tu, kama rangi ya viatu. Chini yake punje ni nyeupe, mstari kwa mstari, zote saizi moja, kama meno ya kununua. Nikanusa. Hakuna moshi hapo. Ilikuwa inanuka makaa na mafuta ya kupikia.

"Mama," nikamuuliza mwenye kuuza, "hii ilikaa juu ya moto kwa itara ya nani?"

Alikuwa mama wa aproni ya kijani, anakula njugu. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Itara? Kijana, watu wanapika na gesi siku hizi. Itara utaiweka juu ya mtungi?"

"Sasa hii nyeusi ni nini?"

"Si ni kienyeji. Watu wa Nairobi wakisimama hapa wanataka ikiwa nyeusi, ndio wajue ni ya nyanya yao, ya cucu. Unachukua ama huchukui? Na usinipakie mate kwa mali."

Hiyo ya mate alikuwa na haki. Lakini kulamba ulinifundisha wewe.

Na nilikuwa nimemuona, Cucu. Unajua mimi siongei, lakini macho yangu inafanya kazi. Asubuhi, kabla soko ya Karatina ijae, nilikuwa nimeegemea gunia za kabeji, nikamuona ameinama nyuma ya meza na karai. Anachukua hindi, anapaka makaa ya kusaga na mafuta, anaweka kando, anachukua ingine. Niliona na macho yangu na bado nikaenda kwa meza yake. Nilijiambia labda anazuia dudu. Mtu akitafuta kitu sana anajidanganya mwenyewe, hata hangoji kudanganywa.

Nikatoka hapo mdomo imejaa mate na sina mahali ya kutema.

Hiyo soko ndio ulikuwa unanileta nikiwa kiasi ya meza. Uliniita bwana yangu, juu nilipewa jina ya guka, mume wako, na uliniita hivyo kwa sauti, mbele ya watu. "Bwana yangu, shika kiondo." Wamama wa vitunguu wanacheka, mimi najificha nyuma ya sketi yako. Ulikuwa unabonyeza nyanya ya watu na kidole gumba mpaka wanakasirika.

"Mbona hii haina hata shimo moja ya mdudu?"

"Cucu, kwani unataka yenye mdudu?"

"Nataka yenye mdudu alionja akapenda. Hii yako hata yeye aliiogopa."

Mahindi ndio ulikuwa unauma. Unachukua punje moja, unafunga macho, unauma, unasikiliza kama mtu anasikiliza mlango. Ikilia vizuri tunachukua. Ikiwa kimya unarudisha kwa gunia na hiyo mate yako, na hakuna mtu alikuwa anakuambia kitu. Mimi nilikuwa nasikia aibu nataka ardhi inifunike. Saa hii ningelipa mtu aniaibishe hivyo.

Siku redio ilisema ati vyakula vya GMO vinaweza kuruhusiwa kuingia, ulikuwa unachambua maharagwe kwa uteo. Ukangoja mpaka wakaweka wimbo, ndio ukaniuliza, "Bwana yangu, hiyo mahindi ukiipanda, watoto wake unaruhusiwa kupanda mwaka ule mwingine?"

Nikasema sijui.

"Na mama yake ni nani?"

Nikasema hiyo pia sijui.

"Basi kama hata wewe ulienda shule hujui, hiyo haiingii kwa sufuria yangu."

Niliishia darasa la tano, Cucu. Lakini ulisema hiyo neno shule kama nilikuwa nimemaliza yote.

Hukusema ni sumu. Watu wanasema hivyo, mimi hukunifundisha kusema kitu sijaona. Ulisema tu hutakula kitu haujui watu wao. Yako ulijua watu wao. Githigu, mahindi yetu ya zamani, ile ya rangi nyingi, nyeupe na nyekundu na zambarau kwa hindi moja, mama yako alikuletea ulipoolewa. Ulikuwa unaikausha kwa itara, ile dari ya fito juu ya moto, mpaka inakuwa nyeusi ya kung'aa. Hiyo masizi hata ukiosha na sabuni haitoki yote, inabaki kwa mikunjo. Wakati wa kupanda unanikalisha kwa stuli. Punje za huku mwisho ni za githeri, za kuchemsha na maharagwe. Za huku mwanzo pia ni za githeri. Za katikati ndio zinaenda shambani. Nikichanganya unanipiga kwa mkono na gunzi, kidogo tu, alafu unanipatia viazi.

Ulipolala ile mara ya mwisho, ulinishika mkono ukasema, "Za itara ni zako. Usiuze na usipike." Maneno ya mwisho nilielewa ni hiyo. Zile zingine ulikuwa unaongea na guka.

Sasa wacha nikuambie kile sijaambia mtu.

Siku ya mazishi yako watu walikuja wengi kuliko vile tulipanga. Wengine walitoka mpaka Sagana. Chakula ikaanza kuisha na lori ingine ya watu wa kanisa ndio inaingia kwa geti. Nilikuwa nimesimama kwa mlango ya jikoni yako, na nikaona anti Muthoni, binti yako mwenyewe, anaangalia juu. Akapanda kwa stuli. Ile yangu. Akaanza kushusha mahindi, anatupa kwa karai, moja, ingine, ingine.

"Hizi si ni mahindi tu," akaambia wale wamama wa kupika. "Mama atafurahi wageni wakishiba."

Akaniona. Akaniuliza, "Kuna nini?"

Cucu, neno ilikuwa hapa kwa koo. Ilikuwa fupi: usipike. Lakini kulikuwa na wamama wanane na wote waligeuka kuniangalia, na unajua vile mimi huwa watu wakigeuka. Nikasema, "Hakuna." Nikachukua jembe nikaenda kusaidia wale wa kaburi.

Wakaosha masizi yako na maji ya mtungi. Wakapukuchua zote, za mwisho, za mwanzo, za katikati. Wakaniletea sahani.

Na nilikula. Ilikuwa tamu. Hiyo ndio kitu inanifanya nijichukie mpaka leo, vile ilikuwa tamu, na nikaongezwa.

Tangu hiyo siku chakula imenikataa. Nikienda supamaketi hapa Nyeri naangalia nyanya zimepangwa, nyekundu kila upande, nazibonyeza na kidole gumba kama wewe, zinarudi kama sponji. Naziacha. Unga ndio mbaya zaidi, juu unga huwezi kuuma ukasikiliza. Pakiti imeandikwa maneno madogo ya Kizungu na mimi sisomi hiyo. Nageuza pakiti, narudisha. Mlinzi akaanza kunifuata ati mimi ni mwizi.

Ndio nikaenda kwa duka ya Mama Hina, yule Mhindi ulikuwa unanunua chumvi kwake. Nilisimama na pakiti mpaka akaniita mwenyewe.

"Kijana, unataka nini na hiyo unga? Umeishika kama mtoto ya mtu."

Nikamuuliza kama imeandikwa GMO. Nilidhani atacheka. Akavaa miwani, akasoma pande zote, hata chini.

"Hapa hawajaandika."

"Wasipoandika ni kusema hakuna, ama ni kuficha?"

"Hiyo siwezi kukuambia, na mimi sitakudanganya niuze pakiti moja." Akatoa miwani. "Mimi sikuli nyama, unajua? Kila biskuti nasoma, nauliza mafuta ni ya nini, ya mnyama ama ya mti. Hata watu yangu wananichoka. Wanasema, mama, kula tu. Mtu akikuambia kula tu, hapo ndio chakula inakwama."

Akaniambia pia si kila kitu kubwa ni GMO, ingine ni haibridi tu, aina mbili za kawaida zimeunganishwa, na hata wenye kuongea sana juu yake wanachanganya. Nilisikia. Labda mimi pia nachanganya. Lakini nilirudisha pakiti, nikanunua chumvi, nikaenda. Nakula viazi, ndizi na mboga yenye imetobolewa. Kwa mto, mahali nafanya kazi ya kuosha karoti, wenzangu wananiita Daktari wa Unga. Wakipika ugali wananiuliza, "Daktari, tukule ama tutakufa?" Nacheka na wao. Si ugali nakataa, Cucu. Nafikiri nakataa ile sahani ya siku yako, na nimechelewa.

Shamba yako nimelima. Iko tayari tangu Krismasi imeisha, nyeusi, laini, na haina kitu. Anti Muthoni alileta mbegu ya pakiti, akaiweka kwa dirisha. Akasema, "Mvua ikikuja na hujapanda, napanda hii. Shamba ya mama hailali." Ndio nikaanza kuzunguka soko nikitafuta githigu ya itara, na ndio nikafika kwa huyo mama wa makaa.

Sasa, pale sokoni, nilikuwa ndio naondoka kwa meza yake. Alafu mama mwingine akakuja na mtoto mgongoni, akaokota hindi, akauliza, "Hii ni ile ya zamani? Nataka ya kupanda." Na wa aproni akasema, "Ya itara kabisa."

Mimi nikasema, "Mama, hiyo ni makaa."

Cucu, nilisikia ni sauti ya mtu mwingine. Watu wakageuka, wengi kuliko wale wa jikoni. Nikalamba kidole tena, nikasugua, nikaonyesha. Wa aproni akaniita majina sitakuandikia. Nikashika nguzo. Yule wa mtoto akaweka hindi chini, akaenda.

Hapo ndio nikakumbuka kona ya leso yako. Kila mwaka ulikuwa unafunga punje kidogo hapo, unaenda mpaka mwisho wa soko kwa mama wa nduma, unafungua, anakupatia miche ya nduma, hamuongei hata bei. Nikikuuliza unampea za nini unasema, "Ili nyumba yangu ikiungua, niwe na mahali ya kuomba."

Nikaenda huko mwisho. Bado yuko, Cucu. Amezeeka, amekalia gunia ile ile. Nilianza kujieleza nikakwama. Akakunja macho.

"Wewe si ndiye bwana ya Wanjiru?"

Sikuwa nimesikia jina yako tangu mazishi. Nikasema ndio. Nikamuambia yote, hata ile sahani. Hakushtuka. Akakata mizizi ya nduma, alafu akasema, "Niko nayo. Lakini jirani anapanda ile ya pakiti, na upepo hauna mlango. Yangu imeingiliwa kidogo. Utakuja uchague mwenyewe. Kama alikufundisha, utajua zake."

"Nikuje lini?"

"Kabla mvua. Ikinyesha asubuhi, nitaingia shambani na mbegu yote, na sitamngojea mtu. Mimi ni mzee, sina wasichana wa kunisaidia."

Hiyo ilikuwa jana.

Nimekuandikia hii tangu kabla kukuche, kwa ile stuli, chini ya itara yenye haina kitu. Nilitaka kukuambia mahali nimekuwekea maua, na vile ng'ombe alizaa. Lakini nimesikia tone moja kwa mabati, tap. Alafu ingine. Sasa ni nyingi. Anti ameamka, nasikia anatoa pakiti kwa dirisha. Nimemuambia kupitia ukuta, "Anti, usipande. Nakuja."

Kwa mama wa nduma ni mbali na ni mlima, na anashika jembe mapema. Wacha nikimbie.

Bwana yako mdogo,
mjukuu wako