Kigelegele cha Mapema

Jumanne, 5 Agosti

Kalamu. Hiyo ndiyo sauti iliyobaki kichwani. Nilikuwa katikati ya jibu langu kuhusu kuvunja mkataba wa ajira, simu nimeiegemeza kwenye birika, na kule Dar es Salaam mmoja wa mawakili watatu waliokuwa wakinisaili akafunga kalamu yake. Tak. Nilimalizia sentensi kwa adabu tu. Nilishajua.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Kiingereza hajui, ila alinisikia nikitiririka, kisha nikashukuru. Akapiga kigelegele. Nyumba ya pili wakaitikia, na ya tatu. Hakuna aliyeuliza ni cha nini.

Sasa mtaa mzima wa Ujiji unajua nimepata nafasi ya mafunzo kwenye kampuni ya mawakili. Nimefanya usaili tu. Nimemwambia mama hivyo mara mbili.

"Usijitilie nuksi," amenijibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefagia. Nimeosha vyombo. Nimefungua barua pepe. Hamna. Ndio utaratibu wangu tangu nimalize chuo.

Waliokwisha kunikataa: wawili wa Dar, mmoja wa Mwanza. Wa hapa Kigoma mjini alisema hana hata kiti cha kunikalisha. Ni kweli. Nilisimama muda wote.

Jumatano, 13 Agosti

Wameleta suti. Kile kikundi cha akina mama wa mtaani wanaopika kwenye shughuli, mama akiwa mmoja wao. Kiongozi wao ni Bi Mwajuma. Kitambaa kachagua yeye, cheusi, kizito. Vipimo walipima kwenye gauni langu lililokuwa kambani.

"Geuka tukuone, wakili."

"Mabega ya jaji haya!"

"Ukishazoea viyoyozi vya watu usitusahau."

Niligeuka. Nikageuka tena walipotaka. Mikono ya koti imezidi kidogo. Nilijichukia, lakini niligeuka.

Ijumaa, 15 Agosti

Jibu limekuja wakati watu wanatoka msikitini. Waombaji walikuwa wengi na wazuri. Wananitakia kila la heri. Wote huwa wananitakia kila la heri.

Sikulia. Nilikwenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilimwambia mama saa hiyo hiyo. Alikunja kanga yake, akaikunjua. Kisha: "Usimwambie mtu. Jumapili unasafiri."

Jumapili, 17 Agosti

Nimesafiri. Mpaka Simbo, kijiji cha hapo jirani.

Bodaboda kabla hakujapambazuka, begi la safari mapajani, suti ndani yake. Mama ataueleza mtaa kwamba nimepanda basi la alfajiri kwenda Dar. Nimefikia kwa mdogo wake, mama Asha, anayekamua mawese. Ameniuliza swali moja tu: kama nimekula.

Msomi wa sheria, nimefichwa kama mbuzi wa wizi. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka.

Jumamosi, 23 Agosti

Tunachemsha chikichi, tunatwanga, tunakamua. Mikono imekuwa ya rangi ya machungwa. Sabuni haisaidii kitu, hasa kwenye kucha.

Ninapotwanga ninalirudia jibu langu la usaili. Leo nimelirudia lote, nikalikagua kifungu kwa kifungu. Lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimekosea, ningekuwa na kitu cha kurekebisha.

Mama Asha ameniona midomo ikicheza. "Unasali?"

"Hapana, mama. Najitetea."

"Haya. Ukimaliza, ongeza kuni."

Jumatano, 27 Agosti

Bi Mwajuma amepiga simu.

Alianza na salamu, ndefu kama kawaida yake. Huko Dar hujambo, kuna joto, wamekupa meza yako? Nikasema sijambo, joto lipo. La meza nililiruka. Kisha akasema amepata nafasi hospitali, Dar, ya kutolewa mtoto wa jicho. Jumapili anapanda treni. Hajawahi kufika.

"Stesheni utanipokea wewe, mwanangu. Mpwa wangu alitaka kuja, nimemkatalia. Nimemwambia ninaye wakili wangu kule."

Mdomo wangu ukajibu, "Sawa, mama."

Nimempigia mama. Amesema, "Mwambie siku hiyo una kesi."

Sina kesi. Bi Mwajuma jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona ya karibu tu. Atateremka na begi lake, atasimama kwenye umati, atatafuta suti nyeusi.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeandika ujumbe wa kumweleza. Nimeufuta. Meseji zake husomewa na mjukuu kwa sauti, barazani. Nimeandika mwingine, nimeufuta.

Ni lazima niende mwenyewe. Wale akina mama nawaogopa kuliko nilivyowaogopa mawakili watatu. Mawakili hawakunishonea kitu.

Jumapili, 31 Agosti

Uvinza tumeshaipita. Behewa limetulia.

Jana adhuhuri nilirudi Ujiji, kweupe, begi mkononi. Akina mama walikuwa kwa Bi Mwajuma wakichagua mchele wa kumuagia. Waliponiona, sinia zikatulia. Mama akainama kwenye mchele wake.

"Wakili, umerudi kwa ndege?" mmoja wao akauliza.

Nikasema yote nikiwa nimesimama. Nafasi sikupata. Dar sikwenda. Nilikuwa Simbo.

Bi Mwajuma akanivuta mikono, akaisogeza mpaka karibu na jicho lake la kulia, akaitazama kucha kwa kucha.

"Kumbe Dar siku hizi wanakamua mawese?"

Walicheka vibaya. Mmoja alimwaga mchele. Mama peke yake hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akasema, "Kigelegele kilikuwa changu. Yeye alinikataza." Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema kitu cha namna hiyo mbele ya watu.

Nikatoa suti niirudishe. Bi Mwajuma akaisukuma. "Nimpe nani, mwenye mabega hayo? Kaa, uchague mchele."

Nikakaa. Baadaye kidogo akauliza, taratibu, kama anajiuliza mwenyewe, ni nani sasa atakayempokea.

Leo stesheni walikuja wote. Treni ilipopiga honi mama alifungua mdomo, akasita, akanitazama kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa. Akapiga, kwa ajili ya macho ya Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma amelala begani kwangu. Ni mzito. Dar kuna ofisi mbili ambazo hazijanijibu. Akishatoka hospitali nitakwenda kugonga kwao, mikono ya koti nikiwa nimeikunjia ndani.

Jana alipouliza nilimwambia hakuna wa kumpokea, tutateremka wote. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni. Nikitoka Simbo nilipitia stesheni kwanza, nikaikata, ndipo nikashika njia ya Ujiji.