Ziwa la Kushoto la Mama

Kasongo, 4 Machi 1956

Mume wangu Faradji, moyo wangu,

Salamu tele kutoka kwa yule anayekuota hata mchana. Afya yako? Unakula vizuri huko kwenye machimbo? Mimi ni mzima, ila bado siamini. Mpenzi, ni wawili!

Uliniacha hapa kwa mama nijifungue mtoto mmoja. Amisi alipolia, mama alianza kukusanya vitambaa, mara mkunga akapiga kelele: "Bado! Lala tena, kuna mwingine!" Nilidhani ananitania. Akatoka Nuru, binti mdogo kabisa, ana paji la uso lako lile ninalolipenda.

Mama amewagawia: ziwa langu la kulia ni la Amisi, la kushoto la Nuru. Hapa kwetu wanasema pacha akinyonya ziwa la mwenzake, mmoja atakufa. Wakinyonya pamoja, miguu yao inapigana juu ya tumbo langu, nami nacheka nikikuwaza.

Mke wako,
Mwamvita

*

Kabambare, kambi ya dhahabu, 19 Machi 1956

Mama Amisi, Mama Nuru, mpenzi wangu,

Nashukuru Mungu kusikia u mzima. Mimi sina ugonjwa ila wa kukukosa. Nilisoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa kwenye tope. Wawili! Célestin, mwenzangu ofisini, sasa ananiita Baba Mzigo. Mzungu wetu hajanipa ruhusa ya kuja. Busu upande wa kulia, busu upande wa kushoto.

Baba wa wawili,
Faradji

*

Kasongo, 8 Aprili 1956

Faradji wangu,

Nakuuliza hali, ingawa yangu sijui niielezeje. Amisi hajambo.

Ziwa la kushoto lilivimba, likawa gumu, likawaka moto. Jipu. Munganga wa dispanseri alilipasua, akakataza Nuru asilinyonye. Maziwa ya kopo aliyatapika yote. Nikajaribu kumpa la kulia, mama akamnyakua: "Unataka nizike mjukuu?" Nuru akadhoofu hadi akaacha kulia.

Jana nilirudi kutoka kufungwa kidonda. Nikaingia, nikamkuta mama kwenye mkeka, kitenge kimeshuka, Nuru ananyonya ziwa lake. Ziwa la mama yangu, Faradji! Nilipiga ukelele, majirani wakaja.

"Nyamaza, unamshtua mtoto," mama akasema. "Mdogo wako Kasimu ameacha kunyonya juzi juzi tu. Kila ukienda dispanseri nilikuwa namtuliza huyu. Leo maziwa yametoka. Tena nimempa la kushoto, ndilo lake."

Sasa shangazi Amisa anatangaza mtaa mzima kwamba Nuru amekuwa mtoto wa mama, kwa hiyo ni dada yangu, na mwanaume hawezi kukaa na dada wa binti yake. "Ndoa imekwisha!" anasema, huku anakula wali wetu.

Hata mwaka wa ndoa hatujamaliza, mpenzi, nami bado nanusa shati uliloliacha. Lakini sikumtoa Nuru kwenye lile ziwa. Leo asubuhi amelia kwa sauti kubwa, nikalia naye. Ukiniacha, utaniacha na watoto wawili wazima.

Mke wako, kama bado ni mke wako,
Mwamvita

*

Kabambare, 6 Mei 1956

Mke wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Lori la barua lilikwama njiani, usidhani nilinyamaza kwa hasira. Nilipofika pale penye "dada yangu", karatasi ilinidondoka. Célestin alidhani nimefiwa.

Nilikwenda mbio kwa mwalimu Abdallah anayetusalisha hapa. Alinisikiliza, akasema, "Mke wako ni mke wako. Binti yako ni binti yako. Kwa maziwa amekuwa mdogo wa mkeo, na hilo halivunji ndoa. Ila asije akaolewa na watoto wa wajomba zake, sasa yeye ni shangazi yao." Kisha akaniuliza, "Mtoto ananyonya?" Nikasema ananyonya. "Basi unatetemeka nini?"

Nimepata ruhusa, naja na lori la kwanza. Mpe mama mkwe pole na asante. Nguo ya kumshukuru kwa maziwa yake ninayo mkononi. Shangazi Amisa mwambie amalize wali.

Mume wako, baba wa Amisi, na shemeji wa Nuru,
Faradji