Wali wa Atakayechelewa

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Mji wa Kale tu wazima, na mamako akusalimu sana. Mimi tu situlii. Barua hii nimeiacha mara tatu nikainuka.

Wauliza neno masalia latoka wapi. Latokana na kusaa, yaani kubaki, na ndugu yake ni kusaza, kubakisha. Maana yake ilinifika utotoni, siku niliyokomba sufuria nikaiosha, hali najua kwetu husazwa wali wa atakayechelewa. Alasiri ami yangu akarudi kutoka bandarini Shimanzi, alikokuwa akipakua magunia. Akaiona sufuria imefudikizwa. "Alhamdulillahi, nimeshiba," akasema, akanywa maji.

Tangu siku hiyo nasaza. Mwaka wa tatu huu hujarudi, na wali wako u jikoni, nimeufunika. Ngoja niinuke, nadhani nimesikia mlango.

Bibi yako