Kurasa Arobaini za Sahihi

Soweto, Mbeya
3 Machi 2025

Mdogo wangu Damari,

Hujambo? Kazi inakwendaje huko Igowole, na baridi ya Mufindi umeizoea? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti bado yanamsumbua, lakini kanisani haachi kwenda, na kila anayekutana naye anaambiwa, "Yule niliyemlea sasa ni daktari bingwa wa familia."

Nimekupigia mara tatu hupokei, ndiyo maana nimekutumia bahasha hii kwa basi. Humo ndani kuna dodoso. Chuo kinawauliza ninyi mliomaliza mwaka jana kama mafunzo yaliwatosha na kama mmeridhika na kazi. Wakaguzi wanakuja Mei, na mimi nimependekezwa kuwa mkuu wa mafunzo. Kwa hiyo jaza vizuri, mdogo wangu. Najua unanielewa.

Kaka yako,
Ezron

Igowole
14 Machi 2025

Kaka Ezron,

Shikamoo. Poleni na magoti ya mama mkubwa. Mwambie asikae kwenye sakafu ya saruji muda mrefu. Mimi mwili ni mzima.

Dodoso nalirudisha tupu. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, aliletwa mama mmoja anaitwa Veronika, uchungu umeshakolea. Kichwa cha mtoto kikatoka, mabega yakakwama. Kaka, kwenye daftari langu la mafunzo imeandikwa kwamba nimeshawatoa watoto watano wa namna hiyo, mwalimu akinisimamia. Mwalimu ni wewe. Unakumbuka tulivyokaa chumba cha chai, ukasaini kurasa arobaini huku unakula chapati? Ukurasa mmoja uliupaka mafuta, nikacheka.

Basi siku hiyo nilisimama na glavu zangu mkononi, sijui pa kushika. Uso wa mtoto ulikuwa unageuka rangi. Muuguzi wetu Rozalia, mama wa miaka hamsini na nane, akanisukuma kwa kiwiko. "Sogea, daktari." Akawaambia wenzake wamkunje Veronika magoti hadi kifuani, akaingiza mkono, akamtoa mtoto. Mtoto akalia. Ila mkono wake wa kulia umelegea hadi leo, hauinui. Rozalia anasema zile dakika nilizosimama ndizo zilizotuponza, maana baadaye ilibidi avute kwa nguvu.

Kesho yake mume wa Veronika, Boniface, alikuja na jogoo, akanishika mikono yote miwili. "Asante, daktari bingwa." Nikaitikia! Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, naye kabandika karatasi ukutani: mafanikio ya daktari wetu mpya. Jogoo nilimpelekea Rozalia, akamtazama, akaniambia, "Sili kitu hicho." Kaka, najionea kinyaa. Nanawa mikono hadi ngozi inapasuka.

Nilisomea kuzijua familia, kumtibu bibi na mjukuu chini ya paa moja. Niambie wewe, katika hayo nilijua lipi.

Mdogo wako,
Damari

Soweto, Mbeya
25 Machi 2025

Damari mdogo wangu,

Salamu. Hapa hatujambo. Viazi vya mlimani vimeanza kuchimbwa, mama amekuwekea gunia.

Barua hii ukimaliza kuisoma ichome. Mambo kama hayo hayaandikwi kwenye karatasi. Tulikuwa na wanafunzi wengi na akina mama wachache. Ningesubiri kila mmoja aone kila kitu, hakuna ambaye angemaliza. Daftari langu nalo lilisainiwa hivyo hivyo. Nikwambie ukweli nisiowahi kumwambia mtu: mtoto aliyekwama mabega mimi sijawahi kumtoa. Ningewafundisha nini?

Mtoto yuko hai, mshukuru Mungu. Mkono utapona kwa mazoezi.

Lile dodoso nimekujazia mwenyewe. Nimeweka "nimeridhika sana" kote, ila kwenye swali la nyumba ya mtumishi nimeweka "wastani", ili lisionekane la kupika.

Kaka yako anayekutakia mema,
Ezron

Igowole
9 Aprili 2025

Kaka,

Salamu kwa mama mkubwa. Kwako zimenishinda.

Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya maabara, nikatapika. Si kwa sababu hujui. Hata mimi sijui. Ni hilo neno "wastani". Ulikaa chini, ukafikiri, ukachagua uongo wangu uwe na sura gani.

Nimekiandikia chuo. Jina langu nimelitanguliza, kisha la kwako, pamoja na namba za kurasa zote nilizosainiwa bila kufanya. Mganga mfawidhi nimemwomba anitoe leba mpaka nifundishwe, na ile karatasi nimeibandua mwenyewe. Amenikasirikia, anasema nimekiaibisha kituo.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa Veronika. Nikawaeleza yeye na mumewe kila kitu. Boniface aliinuka akatoka nje. Veronika alibaki anamnyonyesha mtoto, akaniuliza, "Kwa hiyo ile asante yetu tulimpa nani?" Akaniambia niondoke. Nilipofika mlangoni akaniita, akaniuliza mazoezi ya mkono yanafanywaje. Nikarudi, nikamwonyesha. Hilo nalijua.

Rozalia amekubali kunifundisha. Ameshona mtoto wa kitambaa, kila siku baada ya zamu ananisahihisha kwa ukali. Nilimwuliza kama na wewe unaweza kuja. Akasema njoo.

Mdogo wako,
Damari

Soweto, Mbeya
2 Juni 2025

Damari,

Najua umesubiri.

Niliitwa kwenye kikao. Wakaniwekea daftari lako mezani, wakauliza kama sahihi ni yangu. Nikasema siyo. Nikasema huenda uliiandika mwenyewe. Maneno yalinitoka, na wote wakaonekana wamepata nafuu. Cheo wamenipa.

Nina watoto watatu. Nisamehe. Na nakusihi, mama asijue. Moyo wake hautahimili.

Ezron

Igowole
11 Juni 2025

Ezron,

Barua ya chuo nimeipata: nimesimamishwa miezi sita kwa kughushi. Sikatai adhabu. Nilikubali kusainiwa, nikala matunda yake. Hospitali moja ya Iringa imenikubali nikaanze upya wodi ya wazazi, nikiwa chini ya wakunga. Rozalia ndiye aliyenipeleka kwa rafiki yake anayeisimamia. Naanza Jumatatu ijayo.

Barua yako ya Machi sikuichoma. Jana nimepeleka nakala yake chuoni, ya Juni nayo ikiwa ndani ya bahasha hiyo hiyo. Nimeyafanya hayo nikijua una watoto. Veronika naye ana mtoto.

Jumapili nitakuja Mbeya. Nitakaa jikoni kwa mama mkubwa, nimweleze mwenyewe, taratibu, nikiwa nimemshika mkono. Moyo wake mimi naujua; ndio ulionilea. Barua hii inapanda basi kesho asubuhi, jioni utakuwa nayo.

Kama unataka asikie kwanza kutoka kwako, una siku tatu.

Damari