Fedha ya Bibi Iliyobaki Kwenye Kiberiti

Nyumbani kwa Mama,
meza ya jikoni.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia upumue. Baba Mdogo hajambo? Na wadogo zangu wawili? Mwambie Kibogoyo kwamba picha yake ya kucheka na pengo tumeibandika kwenye mlango wa friji, na kila anayekwenda kuchukua maji huchekwa kwanza.

Sisi huku ni wazima. Goti la Mama huuma asubuhi na kupoa likishaona kazi zimekwisha; hayo ni maneno ya Mjomba, si yangu. Mjomba mwenyewe alipaka lango rangi ya kijani, kisha akaliegemea kabla halijakauka, kwa hiyo sasa tuna lango la kijani na mjomba wa kijani. Mimi nakula, nalala, naenda chuoni. Ukimwuliza Mama atakwambia nimekonda, na safari hii hatii chumvi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati juzi tu tumeongea. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ukicheka nami nacheka, na nikishacheka siwezi tena kusema nililokusudia. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimejiandaa, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama huko mvua imenyesha.

Jambo lenyewe ni hili. Kidani unachokivaa shingoni hakikutengenezwa kwa fedha ya bangili ya Bibi. Nilikudanganya.

Tafadhali usiikunje barua hapa. Nitakueleza yote, kwa mpangilio, kama tunavyofundishwa kuandika ripoti, ingawa ripoti niliyoiandikia chuo ndiyo ya uongo na hii ndiyo ya kweli.

Bangili hiyo unaijua kuliko mimi. Tulijua Bibi yuko wapi nyumbani kwa mlio wake kwenye ukingo wa beseni. Ulipokuja mara ya mwisho tukajaribu kuipitisha mkononi mwako kwa sabuni, ikagoma kwenye kifundo cha dole gumba, na Bibi akasema, "Mwacheni, huyu mkono wake ni wa kupokea, si wa kuvaa." Alipofariki hukuweza kuja kumzika. Bangili ilikuwa yako na haikuweza kukuingia. Basi chuo kilipotuagiza kila mwanafunzi wa usonara atafute mteja wa kweli, asiyeishi naye nyumba moja, nikaandika kwenye fomu: mteja, mama yangu mdogo. Ulifurahi ukasema hujawahi kuwa mteja wa mtu anayekuamkia.

Nilikuchorea michoro mitatu, ukachagua wa pili: kidani cha mviringo, mbele alama ya dole gumba la Bibi, ile aliyoiweka kwenye kadi yake ya kliniki mahali pa sahihi. Nikataka kuchora majani nyuma. Ulikataa. Ulisema, "Nyuma paache patupu. Huko ndiko patakapogusa ngozi. Nataka fedha ya mama iniguse mwilini, siyo majani yako." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari la mteja na kuyapigia mstari. Bado yapo. Nimeyasoma leo asubuhi.

Nilipoisafisha bangili niliona upande wa ndani doa la kijivu, dogo kama punje ya hindi. Nilidhani ni uchafu wa miaka mingi. Hata nililipiga picha kwa ajili ya ripoti. Mwalimu wetu wa karakana, tunayemwita Koleo kwa jinsi akikushika na kosa hakuachii, alitufundisha tangu muhula wa kwanza kwamba kitu cha zamani kikaguliwe kabla ya kuyeyushwa. Kama kiliwahi kuungwa kwa lehemu ya risasi, ile metali laini ya kijivu, ikwanguliwe yote, kwa sababu chembe ya risasi ikiingia kwenye fedha huiharibu nzima. Nilijua hilo. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani na kupata alama zote. Lakini bangili ilikuwa ya Bibi, na nafikiri sikutaka kuitazama kama kitu chenye kasoro. Nilikuwa na haraka pia. Sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi, na nimejiuliza sana.

Nikaikata, nikaiweka kwenye kikombe cha udongo, nikaiwashia gesi. Iliyeyuka vizuri, Mama Mdogo. Ilizunguka kama jicho. Nikaimimina kwenye kalibu, ikatoka kipande kizuri kabisa, na jirani yangu wa meza akanipigia makofi. Nilipokipitisha kwenye mashine ya kubana bamba nikasikia mlio kama wa biskuti. Kilipasuka pembeni, kisha katikati. Nikakiyeyusha tena, kikapasuka vibaya zaidi. Vipande vilikuwa vya kijivu kwa ndani.

Zilibaki siku mbili kabla ya kukabidhi kazi. Nilikwenda stoo ya chuo nikaomba fedha ya mazoezi, na nikapewa, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi mzuri na hakuna anayeniuliza maswali. Nikaipima kwenye mizani. Nilikuwa nimeandika uzito wa bangili, nikaipunguza kwa tupa mpaka ikalingana nao kabisa. Hilo ndilo linaloniamsha. Kupasuka lilikuwa kosa, lakini pale kwenye mizani nilikuwa nimetulia.

Vipande vya Bibi nikavitia kwenye kiberiti kitupu. Kidani nikakitengeneza kwa moyo wangu wote, na hata hilo naona aibu kulisema. Alama ya dole gumba niliichonga kwa siku nzima, mstari kwa mstari, na lile kovu la kisu la kwenye dole lake likipita katikati. Kazi yangu ikawa ya kwanza darasani. Picha yake imetundikwa ukutani karibu na mlango wa karakana, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa: FEDHA YA MTEJA MWENYEWE. Napita hapo kila siku nikitazama viatu vyangu.

Halafu ukanitumia ujumbe ule wa sauti. "Mwanangu, nimekivaa. Mwanzo kilikuwa baridi, halafu kikapata joto upesi, joto lake yeye hasa. Nimelala nacho." Nyuma yako nilimsikia Kibogoyo akisema, "Na mimi nimbusu Bibi!"

Fedha yote hupata joto upesi, Mama Mdogo. Ndiyo tabia yake. Hakuna siku niliyochukia kujua kitu kama siku hiyo.

Nilimweleza Mama. Alikuwa akikunja nguo. Akasema, "Nyamaza. Mdogo wangu hakumwona mama yake akishushwa kaburini. Amepata kitu cha kushika, na wewe unataka kumpokonya ili upate usingizi?" Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Nilinyamaza miezi miwili. Kila uliposifia mikono yangu nilisema asante.

Ningenyamaza hata sasa. Lakini wiki mbili zilizopita uliniomba vumbi la tupa na vipande vilivyobaki, nimtengenezee dada yake Kibogoyo pete ndogo atakapofikisha miaka kumi, "ili naye awe na kidogo cha bibi yake." Nikasema, "Hakuna shida." Nilipokata simu nikaona nimeshaanza tena. Ningekwenda stoo, ningepima, na mtoto angevaa uongo wangu mpaka awe mtu mzima, kisha angemrithisha wa kwake.

Nikamfuata Koleo. Nilimpa kiberiti na picha ya lile doa. Alivaa miwani, akatazama, akasema, "Hii ni lehemu. Inaonekana hata kwa mtu aliye barabarani. Nilisema nini kuhusu vitu vilivyowahi kuungwa?"

"Kwangua kwanza."

"Na wewe ulikwangua nini?"

"Ripoti," nikasema. Hakucheka. Nilitamani acheke. Akasema, "Daraja lako nitalishughulikia mimi, na halitakupendeza. Mteja ni wako. Huyo siwezi kumshughulikia kwa niaba yako."

Picha itashushwa ukutani kesho. Nimeomba niishushe mwenyewe.

Sasa kuna jambo jingine, na hili nimeruhusiwa kuliandika. Nilipomwambia Mama alichosema Koleo, kwamba bangili iliwahi kuungwa kwa risasi, safari hii aliacha kukunja nguo. Akakaa kitandani. Akaniambia kwamba siku uliyozaliwa, Bibi aliiacha bangili nyumbani kabla ya kwenda hospitali. Mama alikuwa na miaka kumi na moja. Aliivaa mguuni ajione bibi harusi mbele ya kioo, ikakwama, akailazimisha kutoka, ikakatika. Akakimbia nayo kwa fundi redio wa pale kona huku akilia, na yule fundi akaiunga kwa lehemu ileile ya nyaya za redio, akaipaka nyingi ili ishike. Bibi aliporudi na wewe mikononi, bangili ilikuwa mezani mahali pake. Akaivaa. Aliivaa hivyo maisha yako yote, na Mama hajui mpaka leo kama aliwahi kuligusa lile doa akajua.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia Bibi. Akasema, "Nilikuwa nasubiri siku nzuri." Akaongeza, "Kama lazima umwandikie, andika yote. Usiniache mimi nionekane msafi." Yupo hapa karibu yangu, anachambua mchele na kujifanya hanitazami.

Sikuandikii hayo ili lawama imfikie yeye. Doa alilitia yeye akiwa mtoto. Mimi nililiona nikiwa mtu mzima niliyesomea kuliona.

Koleo anasema fedha ya Bibi haijafa. Inaweza kusafishwa. Huwekwa kwenye asidi mpaka iyeyuke na kutoweka kabisa, yanabaki maji tu. Kisha huning'inizwa kipande cha shaba ndani ya maji hayo, na fedha hurudi taratibu, ikijikusanya kwenye shaba kama majivu mepesi, na risasi hubaki majini. Majivu hayo huoshwa na kuyeyushwa, nayo huwa fedha tena, pungufu kidogo. Nimewahi kuona ikifanywa. Kwa muda wa kutosha hakuna kitu kwenye chupa, na mtu lazima aamini.

Kama ingefaulu, ningeweza kuifua iwe bamba jembamba na kulibandika nyuma ya kidani, pale ulipotaka paachwe patupu. Vumbi litakalobaki lingetosha pete ya mtoto, nyembamba sana. Lakini siahidi. Mara ya kwanza niliahidi. Inawezekana hutaki mikono yangu iguse tena kitu cha mama yako. Inawezekana unataka vipande jinsi vilivyo, vya kijivu na vimepasuka. Nitavifunga nivikabidhi kwa mtu wa kwanza anayesafiri kuja huko. Kiberiti kiko kwenye kabati la Koleo, ufunguo anao yeye. Juu yake nimeandika: "Ya Mama Mdogo. Isiguswe mpaka aseme."

Usikivue kidani kwa hasira juu yangu. Ile alama ya mbele ni yake kweli. Niliichukua kwenye kadi yake, na kovu ni lake. Uongo wangu uko nyuma.

Mjomba anakusalimu, anasema ukija usivae nguo nyeupe karibu na lango. Mama anakusalimu, ameniambia niandike hivyo tu, kisha akaniambia niandike kwamba atakupigia mwenyewe. Nisalimie Baba Mdogo, yule mkubwa, na Kibogoyo. Usimwambie Kibogoyo bado. Ukiona ni lazima, mwambie kwamba mimi ndiye niliyekosea, na kwamba Bibi alikuwa akipenda kubusiwa mahali popote.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe kifua chepesi na usingizi mzuri, hata usiku utakaousoma ukurasa huu. Ukijibu, nijibu kwanza kama mteja. Sema kila anachostahili kuambiwa fundi aliyedanganya, usinihurumie. Kisha, ukipata nafasi chini ya karatasi, hata mstari mmoja, nijibu kama mama.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kungoja neno lako,

Fundi wako.