Kiongozi wa Mashtaka Ameomba Nimsainie Komiki

Mwende, uko? Nimetoka kotini sai. Kesi ya mauaji ya ndugu yangu imeondolewa. Imeondolewa!

Kiongozi wa mashtaka amesimama tu, akasema mashahidi wamekataa kuja. Wale waliomuua Mutiso wakatoka wakicheka.

Aiya, sikia sasa. Si unajua komiki yangu, ya kiongozi wa mashtaka anayevaa maski na kuwawinda wale mahakama imewaachilia? Nilimchora na sura ya huyu huyu jamaa, nikiamini atatusaidia.

Amenifuata kwa koridoo na nakala mkononi. Eti nimsainie, watoto wake wanaipenda. Hata hajatambua ni yeye.

Nikasaini, Mwende. Nikasaini!

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kwa hii hadithi yako, wauaji watashikwa?”