Wifi na mbwa wake wa kulea

Mwenzangu, unanijua, mimi sicheki watu. Leo nimecheka mpaka meno ya bandia yakanitoka.

Wifi! Anavyojipiga picha na yule mbwa aliyeokotwa, ati "mlezi wa muda". Mlezi gani, mbwa kutwa kamfungia uani!

Basi dada wa makazi ya mbwa kaja kukagua, aone kama amwachie au amchukue.

Wifi kalegeza sauti: "Huyu mwanangu, dada. Nikimwita tu, hata awe amelala, huja mbio."

Nikimwita tu! Bila haya!

Dada akashika kamba ya mbwa. "Mama, huyu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Siku ulipomchukua tulikufundisha kumwita kwa mkono."